Mikono Chini, Mwalimu Yunia

Mwalimu Yunia,

Sikuulizi hali. Tangu tukuzike nimeianza barua hii mara nyingi, na kila nikianza kwa salamu hasira inanipanda, nachana karatasi. Leo nimeamua kuanza na hasira yenyewe. Salamu utaikuta njiani, ikitokea.

Kamati ya shule imekaa. Lile darasa la viziwi ulilolipigania mpaka ukastaafu, ukiambiwa ungoje, ungoje, limekwisha. Lina madirisha manne na sakafu ya simiti, na mabati bado yanang'aa. Sasa wanataka kuandika jina lako juu ya mlango kwa rangi ya bluu: DARASA LA MWALIMU YUNIA. Mwalimu Mkuu aliniletea habari hiyo akitabasamu kama amenibebea kuku. "Okoth," akasema, "wewe ndio ulikuwa mtoto wake wa kazi. Ukisema ndiyo, Jumatatu fundi anapanda ngazi." Hawataki kupaka bila neno langu, maana mimi ndiye mwalimu wa kitengo cha viziwi niliyebaki.

Leo ni Jumamosi. Nimekaa humo darasani peke yangu, kwenye benchi la watoto, magoti yamenifika kidevuni, na bado sijui nitawajibu nini. Sijui kama unastahili mlango huu. Na kuna jambo lingine, ambalo Mwalimu Mkuu halijui na kamati hailijui. Tunalijua wewe na mimi na Achieng.

Nitakukumbusha mambo, hata yale unayoyajua, kwa sababu ulikuwa hodari sana wa kusahau.

Nilikuja kwako enzi za maziwa ya Nyayo, yale serikali iliyowagawia watoto shuleni. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka chuoni na cheti changu cha ualimu, P1, kwenye bahasha, nimejiandaa kufundisha historia darasa la saba. Barua ya ofisi ya elimu ikanitupa shule ya msingi nje kidogo ya Awasi. Mwalimu Mkuu wa wakati ule hakuniinulia hata uso. "Enda kwa Mama, kule nyuma, kwa mabubu," akasema, akaendelea kugonga mihuri. Kule nyuma palikuwa na stoo ya majembe yenye dirisha moja. Ndani mlikuwa wewe na watoto kumi na mmoja, wamepangwa kwenye mabenchi mawili, kila mtoto amekalia viganja vyake.

Nilidhani wanasikia baridi. Baridi, Awasi, saa nne za asubuhi!

"Mikono chini, midomo juu," ukanieleza, kama mtu anayesoma amri za Musa. Ulisema kiziwi akiachiwa mikono mdomo wake unakuwa mvivu, na mwenye mdomo mvivu atachungishwa mbuzi mpaka azeeke. Hivyo watoto walikalia mikono tangu majina kuitwa mpaka kengele ya mapumziko, ambayo hawakuisikia, na ambayo wewe uliwaonyesha kwa kufungua mlango. Aliyechomoa mkono alionja rula. Mimi ndiye niliyekuletea hiyo rula, Mwalimu. Baadaye nikawa naitumia mwenyewe, nawe umesimama kando ukiniambia, "Polepole, Okoth, vidole si kuni."

Wazazi wa siku hizi nikiwasimulia hawaamini. Wanadhani natia chumvi. Wanauliza, je, mlitaka watoto waongee vipi? Nawaambia: kwa koo. Ulikuwa na kipande cha karatasi ulichokishika mbele ya mdomo wa mtoto, akisema "pa" karatasi iruke. Ulikuwa na kioo kilichopasuka pembeni. Ulichukua mkono wa mtoto, ndiyo nafasi pekee ya mkono kutoka chini ya paja, ukauweka kooni mwako asikie mtetemo wa "ga," kisha ukaurudisha kooni mwake atafute mtetemo uleule. Asubuhi nzima, "ga." Wiki nzima. Uliwafundisha kwa Kiswahili kwa sababu, ulisema, kina irabu za kutosha, mdomo unafunguka. Nyumbani kwao kila mtu aliongea Dholuo. Hilo halikukusumbua hata kidogo.

Mimi mwenyewe ulinikamata koo. Umesahau? Nilisoma "shamba" ubaoni kama tunavyotamka kwetu, "samba," ukanisimamisha mbele ya watoto, ukaniwekea karatasi mdomoni, "Okoth, sh, sh, toa hewa, usione haya," mpaka ikatoka. Watoto walicheka hadi mmoja akadondoka kwenye benchi. Wewe ulicheka pia, ukapiga chafya tatu kama ulivyokuwa ukipiga kila ukicheka sana. Saa ya mapumziko ukanimiminia chai ya chupa yako kwenye kile kikombe kimoja, ukafuta ukingo kwa leso kabla ya kunipa. Nataka kusema nilikuchukia tangu siku ya kwanza, ila si kweli, na inaniudhi kwamba si kweli.

Na nitasema hili mapema nisije nikaambiwa sina shukrani. Wewe ndiye uliyewatoa watoto wale majumbani. Ulitembea kwa miguu, jua kali, ukashuka mpaka Nyakach, ukapita boma kwa boma nyuma ya soko la Pap Onditi, ukiuliza, "Hapa hakuna mtoto asiyesikia?" Wakisema hakuna, ulikaa. Uliomba maji ya kunywa, ukaomba tena, mpaka mtoto akatokea nyuma ya ghala. Wanaume walikutukana. Mmoja alikuambia umekuja kufanya biashara na laana yake. Bado ulirudi kesho yake. Hilo nimelisema kwa sauti mazishini kwako na sikudanganya.

Achieng hakuhitaji kutafutwa. Mama yake alimleta mwenyewe, amemshika mkono, na harufu ya omena, dagaa wa ziwani, imewafuata mpaka mlangoni. Mama yake aliuza omena pale sokoni Awasi, kwenye kona ya wauza chumvi, na yule mwanamke hakuwa amesoma hata darasa moja, lakini aliongea na bintiye siku nzima. Kwa mikono, Mwalimu. Walikuwa na lugha yao. Nilizoea kuwaona nikienda kununua sukari. Kidole gumba na cha shahada vikikaribiana: kidogo. Kiganja tumboni kikizunguka: njaa. Na mama mwenyewe, kwa Achieng, alikuwa mikono miwili inayopepeta ungo, taratibu, kama anayetenga omena na mchanga. Hiyo ndiyo ilikuwa "mama." Nililiona neno hilo mara mia. Wewe pia uliliona. Ulimwambia mama yule, mbele yangu, aache hiyo michezo ya mikono, inamharibia mtoto mdomo. Akakujibu, "Sawa, Mwalimu," akainamisha kichwa kwa heshima. Siku hiyohiyo jioni nikawakuta pale konani wakipepeta.

Miaka miwili ulimjenga Achieng sentensi. "Karibu mgeni wetu. Tumefurahi kukuona." Ile F ilikutesa. Meno juu ya mdomo wa chini, pumzi, pumzi. Mtoto alilia, ulilia, mimi nilitoka nje. Lakini ilitoka. Tangu hapo kila mkaguzi wa shule, kila padri, kila mzungu wa msaada aliyeingia ile stoo, Achieng alisimamishwa, mikono nyuma, akasema: "Karibu mgeni wetu. Tumefurahi kukuona." Sauti nzito inayotoka chini ya tumbo. Wageni walijifuta machozi. Walitupa mashine za kusikizia, zikaisha betri baada ya wiki tatu, tukazifungia kabatini. Wewe ulitembea na ile sentensi ya Achieng kama mtu aliyejenga kanisa.

Hukuwahi kumwuliza maana yake. Mimi pia sikuuliza. Alikuwa akijua jambo moja: watu wageni wakija wengi, simama, weka mikono nyuma, toa ile sauti, na watu wazima watafurahi.

Halafu mama yake akaugua kifua. Wakampeleka hospitali Kisumu, na Achieng akaachwa kwa bibi yake. Mama alirudi kwenye sanduku lililopigwa misumari.

Siku ile habari ilipofika shuleni, ulimwita Achieng mbele. Nilikuwa pale, nimeshika daftari la majina. Ulipiga magoti ili uso wako ulingane na wake, na ukasema polepole, midomo ikifunguka wazi, "Mama amekufa." Achieng akakuangalia mdomo. Ukarudia. Mara ya tatu akasema, kwa ile sauti yake, "Ma-ma a-me-ku-fa." Vizuri kabisa. Ukamkumbatia. Kisha ukaniambia, "Amejua. Maskini, amejua." Ukaenda kuosha uso.

Mwalimu, alikuwa ameiga sauti! Alikuwa na umri wa miaka tisa na alifanya kile tulichomzoesha kufanya kila siku ya Mungu: kutazama mdomo na kurudisha. Ungemwambia "chura amepanda bei" angerudisha vilevile. Nilijua. Pale pale nilijua, na mikono yangu ilikuwa na daftari, na ishara ya kupepeta ungo nilikuwa nayo, naijua, ingenichukua sekunde moja. Sikuinua mkono. Niliogopa rula yako, mtu mzima mimi, mwenye cheti.

Tukaenda mazishini. Hema la turubai, mabenchi yamekodiwa kanisani, watu wamejaa mpaka kwenye ua wa michongoma. Wakazidi kuja, makundi kwa makundi, wanawake wakilia tangu barabarani. Achieng alikuwa amevalishwa sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo yake nzuri. Akawaona wageni. Akawaona wazee wa kanisa, akamwona chifu na kofia yake. Akatoka mikononi mwa bibi yake, akasimama kando ya sanduku la mama yake, akaweka mikono nyuma, akainua kidevu.

"Karibu mgeni wetu. Tumefurahi kukuona."

Watu waligeuka wote. Halafu kijana mmoja nyuma akaangua kicheko, na bibi yake Achieng akatoa ukelele ambao sijawahi kuusikia tena. Mtoto akatazama huku na huku, akaona hakuna aliyefurahi, akafikiri amekosea. Akarudia. Kwa nguvu zaidi.

Na wewe, Mwalimu Yunia, ulikuwa umekaa kushoto kwangu. Ulinishika mkono ukanifinya. Ukanong'ona: "Okoth, umesikia hiyo F? Imetoka safi."

Nimekuandikia barua yote hii ili nifike kwenye sentensi hiyo. Nimeibeba muda mrefu kuliko nilivyobeba jambo lolote lile. Watu wangesema ulipatwa na uchungu, mtu akizidiwa husema lolote. Labda. Lakini nilikuona uso. Ulikuwa na furaha.

Kwa wiki tatu baada ya hapo Achieng alitoka shuleni akaenda sokoni, akasimama kwenye ile kona ya wauza chumvi. Mwanamke mwingine alikuwa ameshatandika gunia lake pale. Mtoto alisimama tu. Siku ya mwisho ya wiki ya tatu nilimfuata. Nikachuchumaa. Nikapepeta ungo. Nikalaza shavu kwenye kiganja, nikafumba macho. Nikachimba udongo, nikafunika, nikapigapiga juu. Nikarudia yote mara moja tu, kwa sababu alielewa. Alinipiga. Alinipiga usoni na kifuani kwa mikono yote miwili, pale katikati ya soko, na wanawake wakasema, "Huyo mwalimu amemfanyia nini huyo momo, huyo bubu?" Nikamwacha anipige. Ndiyo mara ya kwanza nilifundisha kiziwi kitu.

Tangu hapo wakanifundisha wao. Nyuma ya choo cha wavulana, wakati wa mapumziko, mimi nikiwa mjinga wa darasa. Walikuwa na mengi, kumbe, waliyajenga wenyewe kichinichini chini ya pua yako. Walikuwa na majina pia. Kiziwi hamwiti mtu kwa herufi, anampa ishara, kitu alichokiona kwake. Mimi nilikuwa kidole kinachofuta pua, kwa sababu nilikuwa najifuta pua na mkono wenye chaki. Achieng alikuwa kovu la kidevuni. Na wewe ulikuwa kiganja kinachoteleza chini ya paja. Hivyo tu. Mkono unaingia chini ya paja: Mwalimu Yunia. Walilitaja jina lako kutwa nzima mbele yako, ukidhani wanatii.

Ulitukuta. Hukupiga kelele. Ulitazama mikono yangu ikiwa hewani, ukasema, "Nilikupa watoto wangu, Okoth," ukaondoka. Barua yako ilifika ofisini kabla yangu. Kufumba na kufumbua nikajikuta Muhoroni, darasa la sita, hesabu, matrekta ya miwa yakipita dirishani na majivu ya kiwanda yakitua kwenye daftari. Mwanzoni nilikuwa nikigeuka kutoka ubaoni najikuta nimesema "kaeni" kwa mikono, na watoto wanaosikia wananicheka. Achieng alikuwa na miaka kumi na mmoja wakati huo. Nani alikuwa akimwambia mambo? Hilo ndilo lililoniamsha usiku, wala si cheo changu.

Halafu upepo ukabadilika huko juu. Wakubwa wakasema ishara ni ruhusa, mdomo na mikono vyote pamoja. Mambo yaleyale uliyonifukuzia sasa yakawa semina ya siku tano, na chai, na cheti. Nikarudishwa. Nikakukuta kwenye semina, kiti cha nyuma kabisa, umekunja mikono kifuani. Mwezeshaji akaomba kila mtu aonyeshe ishara ya jina lake. Ilipofika zamu yako ukasema, "Mimi naitwa Yunia. Nimesema kwa mdomo, mmesikia." Tukafanya kazi chumba kimoja mpaka ukastaafu, wewe na kioo chako upande huu, mimi na mikono yangu upande ule, na watoto katikati wakijua nani wa kutazama lini. Chai uliendelea kunimiminia. Leso uliendelea kufutia. Jambo la mazishi ya mama yake Achieng hatukuligusa hata siku moja.

Sasa nafika pale nilipokuwa napakimbia.

Ulipopigwa na kiharusi nilikuja kukuona Kisumu, saa ya wageni, mchana. Nilikuja na machungwa na Achieng. Ni mwanamke sasa, ana cherehani yake sokoni, na asubuhi ananisaidia na watoto wadogo. Ni yeye aliyetaka kuja. Tulikukuta umelazwa, mdomo umevutwa upande, mkono wa kulia umekufa. Ulijaribu kuniita jina. Ikatoka "o," tu, na mate. Wewe, mwenye mdomo uliokuwa ukituchonga sote. Nataka ujue nilichohisi. Nilihisi vizuri, Mwalimu. Mungu anisamehe.

Ukamtazama Achieng. Muda mrefu. Kisha mkono wako wa kushoto ukatoka kwenye blanketi, polepole, ukateleza, kiganja chini, ukaingia chini ya paja lako.

Ulijua. Miaka yote hiyo ulijua walivyokuita. Ulikuwa ukijitaja kwake. Au ulikuwa ukiomba msamaha, au yote mawili, sina hakika, na nisingeweza kuwa na hakika kwa sababu sikukuuliza. Niliinama nikakukaribia, uso kwa uso, nikafungua midomo vizuri kama ulivyonifundisha, nikasema:

"Mikono chini, Mwalimu. Midomo juu. Sema."

Ulijaribu. Hilo ndilo linaloniua. Ulitii. Ulikusanya midomo yako upande ule uliobaki mzima, ukavuta pumzi, ukasukuma, na hakukutoka kitu, ukajaribu tena. Nikakuacha ujaribu. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuza uso ukutani. Achieng ndiye aliyenisukuma kando. Aliutoa mkono wako chini ya paja, akaufungua kidole kwa kidole, akauweka juu ya blanketi, akaufunika na wake. Mkakaa hivyo mpaka kengele ya wageni. Mimi nilikuwa nimesimama na mfuko wa machungwa.

Getini Achieng akaniuliza kwa nini. Nikamwambia sikusema kitu. Akanionyesha mdomo wake, kisha wangu. Ameyaona maneno hayo kwenye midomo tangu ana miaka saba, hakuna anayeyasoma vizuri kumliko. Kazi yako hiyo, Mwalimu. Hongera. Imetoka safi.

Siku ya tisa ukafa. Tulikuzika kwenu Nyakach, na wiki hiyo niliwapanga watoto wote thelathini na wawili nikawaambia kabla ya safari, kwa mikono, nani amekufa na tunaenda kufanya nini. Hakuna aliyefika pale bila kujua. Nilipoitwa kusema, nikasema ulikuwa nguzo, ulikuwa mama, nikasema juu ya safari zako za miguu. Nilisema kwa mdomo na mikono pamoja, na watoto wakanitazama wakalia. Achieng alikuwa safu ya mbele. Alitazama kaburi. Mikono yangu hakuitazama hata mara moja.

Jumatatu yake nilikuwa ubaoni. Mtoto mmoja alitaka kuniuliza kitu, Achieng akamwelekeza kwangu: nenda kwa mwalimu. Lakini hakufuta pua. Alitelezesha kiganja chini ya paja. Nilidhani amekosea, amekukumbuka wewe. Akanitazama machoni, akarudia, polepole, ili nisome vizuri. Watoto wadogo wakamfuata. Siku hizi wote wananiita hivyo. Na jina la ishara mtu hajichagulii, wala haombi libadilishwe.

Basi nimepata jibu la kamati, nimelipata nikikuandikia. Jumatatu nitamwambia Mwalimu Mkuu ndiyo. Wapake, kwa herufi kubwa, bluu, Yunia. Herufi ni zako, uzichukue, ulitembea kwa miguu kuzitafuta. Lile jina lingine halipo tena kwako. Limebaki huku, linaingia darasani kila asubuhi na mimi.

Nakuahidi mambo mawili. Hakuna mtoto wa darasa hili atakayesimama kando ya sanduku bila kujua ni nani yumo, hata kama nitamfuata mpaka sokoni. Na nitaendelea kufundisha humu, barua ya uhamisho ikija nitaipinga, mpaka siku Achieng atakaponitazama na kufuta pua. Huenda siku hiyo isifike. Nitakuwepo hata hivyo.

Salamu niliyosema utaikuta njiani, hii hapa: chai yako ilikuwa nzuri. Nimebaki na kile kikombe.

Kwaheri, Mwalimu. Lala na mikono nje ya blanketi.

Ni mimi, Okoth wako, ninayeitwa kama wewe.